Chokoleti tano za eneo moja: ipi ununue kwa jioni ya marafiki?

Ukiwa na pesa ya chokoleti mbili tu, nunua ya Semuliki, ya hapa Uganda, na ya Madagaska. Ukipata ya tatu, ongeza ya Kilombero, Tanzania. Nimeanza na jibu kwa sababu anayeuliza mara nyingi yuko dukani tayari, kasimama mbele ya rafu, na karatasi zote zinang'aa sawasawa. Aliye nyumbani na muda wake, asome na sababu.

Tulionja jioni mbili barazani kwangu Makindye, watu wanane. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, maana kila mmoja ana kwao: dada wa Mombasa aliyeolewa hapa Kampala, kaka Mnubi wa Bombo, mwalimu mstaafu wa Arua, jirani yangu mtu wa Beni huko Kongo, kijana wa Bundibugyo anayesoma mjini, mume wangu, wifi yangu, na mimi. Hakuna aliyesomea chokoleti. Wote wana ndimi nzuri, na hilo linatosha.

Chokoleti ya eneo moja ni ile ambayo kakao yake yote imetoka sehemu moja iliyotajwa kwenye karatasi: bonde, wilaya, pengine shamba moja tu. Chokoleti nyingi za dukani huchanganya kakao za nchi mbalimbali ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka, na hapo huwezi kujua unakula jasho la nani. Geuza pakiti usome viungo. Ukikuta kakao, sukari, na kitu kimoja au viwili zaidi, uko mahali pake. Ukikuta mafuta ya mawese, hiyo ni peremende yenye rangi ya chokoleti. Wape watoto, lakini usiiwekee kikao.

Jioni ya kwanza niliipanga kwa asilimia. Nilinunua chokoleti tatu za kakao ileile, ya asilimia 60, 70 na 85, nikidhani nitawapandisha wageni ngazi polepole. Mazungumzo yote yakawa juu ya uchungu. Hii chungu, hii chungu zaidi, hii siwezi. Nusu saa tu, watu wakarudi kwenye chai na habari za mjini. Asilimia 70 maana yake ni kwamba sehemu 70 kati ya 100 zimetoka kwenye mbegu ya kakao, pamoja na siagi yake, na zilizobaki karibu zote ni sukari. Haisemi mbegu ilichachushwa siku ngapi, haisemi ilikaangwa kwa moto gani, wala mti wake ni wa aina ipi. Ni kama kuambiwa chai ina vijiko vingapi vya sukari bila kuambiwa ni majani gani.

Jioni ya pili nikageuza: asilimia karibu sawa, maeneo tofauti. Hapo ndipo watu waliponyamaza kwanza, kisha wakaanza kubishana. Kwa hiyo ukichagua kati ya njia hizi mbili za kupanga kikao, chukua ya pili bila kusita.

Kabla ya kufungua pakiti, tulikubaliana maneno matatu, na nakushauri ufanye hivyohivyo, kwa sababu watu husema "chungu" kwa kila kitu kisicho kitamu. Uchungu ni wa kahawa isiyo na sukari au wa majani ya mwarobaini, unakaa nyuma ya ulimi. Uchachu ni wa ukwaju na limau, unakutoa mate pembeni. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi au bibo la korosho, ulimi unakuwa kama umepakwa unga. Chokoleti nzuri inaweza kuwa na uchungu na uchachu kwa wingi na bado ikapendeza. Ukakasi mwingi, kwangu mimi, ni dalili kwamba kakao ilikatizwa kabla haijachacha sawasawa.

Na kinywa lazima kisafishwe kila baada ya kipande. Majaji wa International Chocolate Awards hutumia polenta, yaani unga wa mahindi uliopikwa laini bila kitu. Nilipojua hilo nilifurahi, maana polenta ni posho, yaani ugali wa mahindi. Nilipika posho nyepesi, bila chumvi, nikaiacha ipoe kidogo, kijiko kimoja kwa kila mtu na maji ya uvuguvugu. Maji ya baridi yanagandisha siagi ya kakao mdomoni na ulimi unakufa ganzi. Chai ya tangawizi niliificha jikoni hadi mwisho.

Jambo jingine ni friji. Moja ya chokoleti za jioni ya kwanza niliiweka humo kwa siku mbili, karibu na samaki wa kukaanga na nusu ya kitunguu. Nilipoitoa ilikuwa na ukungu mweupe juu, na harufu ya kitunguu imeingia mpaka ndani. Weupe ule haumdhuru mtu: unyevu wa friji hulowesha sukari ya juu, nayo ikikauka inabaki kama vumbi. Lakini harufu haitoki tena. Siagi ya kakao hunyonya kila kinachopita. Kampala iko juu kiasi kwamba kabati lisilopigwa na jua linatosha, chokoleti ikiwa ndani ya bati lililofungwa. Ukiwa Nimule au kokote kwenye joto kali ni habari nyingine, maana siagi ya kakao huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana inayeyuka kinywani.

Kwa watu wanane, bapa la gramu 70 linatosha na kubaki. Kipande cha gramu 4 au 5 kwa kila mtu, hakuna haja ya zaidi. Livunje mbele yao wasikie. Chokoleti iliyopozwa vizuri hulia "tak!" na pale ilipovunjika pananyooka, iliyopozwa vibaya hupinda na kumomonyoka kama kashata iliyolowa.

Tulianza na ya Ghana, asilimia 70. Sitakaa nayo sana. Ni ladha ambayo watu wengi duniani wakisema "chokoleti" ndiyo wanayoiwaza: kakao yenyewe, karanga kidogo, uchachu karibu hakuna. Mghana Tetteh Quarshie alirudi na kakao kwao mwaka 1879, na kutoka hapo nchi ikawa miongoni mwa wakulima wakubwa kabisa wa zao hili, hata ladha yake ikawa kipimo. Kwa kikao, faida yake ni kuwa mstari wa kuanzia. Kaka wa Bombo alisema inamkumbusha kikombe cha kakao ya utotoni, akaomba kipande cha pili. Kama una watoto mezani, hii ndiyo yao.

Kisha Semuliki, asilimia 70, iliyotengenezwa hapahapa Kampala na kampuni ya Latitude kwa kakao ya Bundibugyo.

Hapa nilimwachia kijana wa Bundibugyo aongee, kwa sababu kwao kila nyumba ina mikakao. Kahawa ndiyo iliyokuwa tegemeo la wengi, mpaka mnyauko ulipoanza kuua mibuni ya Uganda katika miaka ya 1990. Watu wakageukia kakao na vanila, na leo wilaya hiyo ndogo iliyo chini ya Rwenzori ndiyo kitovu cha kakao ya nchi. Alitueleza tunda linavyopasuliwa: ndani kuna mbegu 30 au 40 zimevikwa nyama nyeupe, laini, inayofanana na ya stafeli kwa utamu, na watoto huifyonza na kutema mbegu. Nyama hiyo ndiyo inayopika ladha. Mbegu zikirundikwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa majani ya migomba, hamira ya hewani hugeuza sukari ya nyama kuwa kileo, halafu bakteria hugeuza kileo kuwa siki, na rundo linapata joto mpaka karibu nyuzi 50. Joto na siki huua mbegu. Ikishakufa, vilivyomo ndani vinachanganyika, na hapo ndipo chokoleti inapoanza kuwepo. Rundo hugeuzwa ili lote lichache sawa, na kwa kawaida kazi hii huchukua siku tano hadi saba. Baada ya hapo ni jua.

"Ukipeleka mkono ndani siku ya tatu," alisema, "unautoa haraka. Na harufu yake inakukaa kwenye shati."

Mkulima mwenye shida ya ada ya shule hawezi kungoja siku zote hizo. Anauza mapema, au anakausha mbegu ambazo hazijachacha, na mnunuzi wa mbali anapata ukakasi bila kujua sababu. Ndiyo maana watengenezaji wanaojali hununua mbegu zikiwa bado mbichi, wakazichachusha wenyewe mahali pamoja. Mkulima anapata pesa yake siku hiyo, na mbegu zinapata muda wake.

Kipande chenyewe: kwanza harufu ya sukari guru, kisha zabibu kavu, kisha kitu kizito kama tende iliyoiva sana. Uchachu upo, lakini unakuja mwishoni, kama ukwaju uliotiwa maji mengi. Uchungu ni wa wastani. Haikuni, haichomi. Niliwaangalia usoni, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso, jambo ambalo halikutokea kwa nyingine yoyote isipokuwa ya Ghana. Mimi naipenda kwa sababu inabadilika ulimini. Ya Ghana inaanza na kuishia palepale.

Ya tatu ilikuwa Cru Virunga ya Original Beans wa Amsterdam, asilimia 70, kakao ya mashariki mwa Kongo, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Jirani yangu wa Beni aliinusa kabla hajaonja.

"Dada, hii iko ya kwetu," alisema. "Naisikia."

Ukiiweka baada ya Semuliki utaona undugu na utaona ugomvi. Matunda meusi yapo, zambarau iliyoiva hadi kupasuka, lakini chini yake kuna udongo uliolowa mvua na kitu kama jani la tumbaku. Uchungu wake umenyooka. Mume wangu, ambaye hunywa kahawa kavu asubuhi na jioni, aliiweka ya kwanza katika tano zote. Dada wa Mombasa alisema inamwelemea. Kwa kikao cha watu wasiozoea chokoleti nyeusi nisingeinunua. Kwa wanywaji kahawa, ningeinunua kabla ya zote.

Basi, kijana na jirani wakaanza. Kijana anasema tofauti haipo: "Mzee wangu, Semuliki ni mto mmoja, sisi upande huu, nyinyi upande ule. Mvua ni ileile." Jirani anasema mvua haipiki chokoleti. Kwa maoni yangu wote wana haki. Mto huo kweli ndio mpaka, na mbegu za kando zote mbili hukua chini ya mlima mmoja. Lakini moja imekaangwa na kusagwa Kampala, nyingine Ulaya, na mkaangaji naye ana mkono wake. Hili usilisahau unapolinganisha: karatasi inakuambia shamba, ulimi unaonja shamba na kiwanda pamoja. Ukitaka kulinganisha mashamba matupu, tafuta mtengenezaji mmoja mwenye chokoleti za maeneo kadhaa. Ni vigumu kuzipata hapa, lakini anayesafiri anaweza kukuletea.

Ndivyo tulivyopata ya nne, Kokoa Kamili ya asilimia 70, iliyotengenezwa na Dandelion wa San Francisco. Wifi yangu aliibeba kwenye begi la mkononi. Kokoa Kamili si jina la chokoleti, ni la kituo cha kuchachushia kakao kilichoko Mbingu, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambacho tangu 2013 hununua mbegu mbichi kwa wakulima wa jirani. Nalitaja hili kwa sababu kakao nyingi ya Tanzania haitoki huko bali Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwa hiyo neno "Tanzania" peke yake kwenye karatasi halikuambii mengi.

Hii ndiyo iliyowafanya watu wacheke kwa furaha. Ukiiweka ulimini inakaa kimya kwa sekunde kumi hivi, unadhani hakuna kitu, halafu uchachu unaruka: ukwaju safi, nanasi, kisha utamu wa krimu unaufunika. Viungo vyake ni viwili tu, kakao na sukari. Dada wa Mombasa alifumba macho akasema, "Embe bichi la chumvi!" Hapana chumvi ndani yake, lakini nilimwelewa mara moja, na tangu hapo siwezi kuionja bila kukumbuka embe. Kati ya hii na ya Semuliki, ya Semuliki ni rafiki wa kila siku. Hii inataka usikilize. Nimeiweka nafasi ya tatu katika manunuzi kwa sababu moja tu, kwamba haipatikani kirahisi. Ingekuwa kwenye rafu za Kampala, ningeishindanisha na ya Madagaska kwa dhati.

Ya mwisho, Madagaska: Åkesson's ya shamba la Bejofo, bonde la Sambirano, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, asilimia 75. Ndiyo iliyokuwa na asilimia kubwa kuliko zote mezani, na bado watu watano kati ya wanane walisema ni nyepesi kuliko ya Virunga. Kwa anayeamini namba ya kwenye karatasi, aonje hizi mbili zikifuatana.

Uchachu wake hauji polepole. Ni limau na fursadi tangu mwanzo hadi mwisho, na rangi yenyewe inaelekea wekundu ukiishika kwenye mwanga. Mwalimu wa Arua alikirudisha kipande chake kwenye sahani kwa heshima zote. "Mama, hii imechacha." Nikamwambia mwalimu, zote tano zimechacha, bila hivyo zisingekuwa chokoleti, hii tu ndiyo haifichi. Alikunywa maji, akala posho, akajaribu tena. Mara ya pili akakimaliza. Dada wa Mombasa aliuliza mara mbili kama hawakutia juisi. Hawakutia. Ni mti, ni udongo, ni kuchachushwa.

Sababu ya kuipendekeza pamoja na ya Semuliki ni umbali uliopo kati yao. Mtu ambaye hajawahi kuonja chokoleti kwa makini, ukimpa mbili zinazokaribiana, atasema zote ni chokoleti. Mpe Semuliki, posho, maji, kisha Madagaska, na hutahitaji kumfundisha kitu. Usigeuze mpangilio. Ukianza na Madagaska, inayofuata itaonekana imepooza, na Semuliki haistahili hilo.

Kuhusu bei: kwa pesa niliyotoa kwa ile moja ya Madagaska, nilipata mbili za Semuliki na chenji ya boda. Ya kwetu haijapanda ndege. Zote zimepanda bei, hata hivyo, tangu kakao ilipopita dola 12,000 kwa tani katika soko la New York Desemba 2024. Bei hiyo imeshuka sana baadaye, lakini karatasi za dukani hazina haraka ya kushuka. Kwa hiyo mchangishane. Watu wanane wakichanga, tano zote zinaingia mezani bila kumwumiza mmoja.

Ukiwa na wageni wanaopenda sukari nyingi, wape Semuliki na bogoya, ndizi tamu, iliyoiva kando yake, na usiwape Virunga kabisa. Wazee wa kahawa, kinyume chake. Kama ni zawadi ya kupeleka nje ya nchi, hakuna cha kufikiria, ni Semuliki; mwenyeji wako ana Madagaska madukani kwao. Na kama ni zawadi ya mtu wa hapa anayependa matunda, mtafutie Kilombero kwa yeyote anayesafiri.

Ubishi wa jirani na kijana haujaisha. Tumekubaliana kukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na safari hii kila mtu atapewa vikombe vitatu vyenye namba: viwili vya Semuliki na kimoja cha Virunga, au kinyume chake, atafute kisicho na ndugu. Mimi ndiye nitakayevipanga. Kijana ameahidi kuja na kilo moja ya kakao kavu ya baba yake, tuikaange wenyewe kwenye chungu cha karanga, na mwalimu ameomba awe yeye wa kukoroga.